Herufi za diski baada ya kuweka Windows upya: D: inahama na programu ya hesabu haioni data

Mhasibu_Dukani

Habari zenu wataalamu. Ninashika hesabu katika duka la vifaa vya ofisi na uchapishaji hapa Morogoro, na ninaomba mwongozo kabla sijaigusa kompyuta ambayo duka zima linaitegemea.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani na ina diski mbili. Moja ni SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 240 yenye Windows 11. Nyingine ni diski ya kawaida ya TB 1 iliyotolewa katika kompyuta yetu ya zamani ya Windows 7, nayo ina patisheni (yaani sehemu zilizogawanywa ndani ya diski moja) mbili tunazozitumia kila siku: moja yenye lebo HESABU, ambamo zimo kumbukumbu zote za mauzo na madeni ya wateja, na nyingine yenye lebo PICHA, ambamo tunahifadhi kazi za mabango, kadi za harusi na vitambulisho. Tangu zamani HESABU ni D: na PICHA ni E:, na programu ya hesabu imeelekezwa isome D:\Hesabu.

Mara ya mwisho Windows ilipowekwa upya, fundi aliyeletwa alituachia herufi tofauti kabisa. HESABU ilikuwa E:, PICHA ilikuwa F:, kisomaji cha DVD kilikuwa G:, na D: ilikuwa patisheni ndogo ya MB 100 ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Programu ilipofunguliwa haikuikuta D:\Hesabu, ikauliza kama itengeneze folda mpya, na aliyekuwa kaunta akakubali kwa sababu mteja alikuwa amesimama mbele yake. Mauzo yaliendelea kuandikwa humo mpaka ulipotokea ujumbe kwamba diski imejaa, ndipo ikabainika kuwa duka lina madaftari mawili, moja kamili ambalo halikuguswa, na jingine la siku chache lililobanana ndani ya zile MB 100. Kuyaunganisha kulihitaji kuingiza risiti moja moja kwa mkono.

Sasa Windows imeharibika tena na nimeamua kuiweka upya mwenyewe kwa flashi. Je, ipo namna ya kuiambia Windows mpya mapema kwamba HESABU ibaki D:? Kama haipo, nianze na nini ili yale yasijirudie? Jambo la pili ndilo lililonitia hofu. Niliiwasha kompyuta kwa flashi nitazame tu, nikabonyeza Shift+F10, nikaandika `diskpart` (programu ya kusimamia diski kwa amri) na kisha `list volume`, nikakuta C: si Windows bali ni ile patisheni ya MB 100, na Windows yenyewe ni F:. Niliizima papo hapo.

Mlinzi_wa_Seva

Ndugu Mhasibu, ulifanya vyema kuizima, ingawa hakuna kilichoharibika. Uliyoyaona ni ya kawaida kabisa, na ukishajua herufi hizo zinatoka wapi, kazi iliyobaki ni nyepesi.

Herufi haiandikwi kwenye diski. Lebo, kwa mfano HESABU, imeandikwa ndani ya patisheni yenyewe na itasafiri nayo hata ukiihamishia kompyuta nyingine, lakini D: ni makubaliano yaliyomo ndani ya Windows iliyowashwa kwa wakati huo. Kila Windows ina orodha yake katika rejistri, yaani hifadhi ya mipangilio yake, mahali panapoitwa `HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\MountedDevices`, na humo kila herufi imefungamanishwa na kitambulisho cha patisheni. Kwa diski zilizogawanywa kwa mpango wa zamani uitwao MBR, kama hiyo yako ya TB 1 iliyotoka kwenye Windows 7, kitambulisho hicho ni baiti 12: nne za saini ya diski na nane za mahali patisheni inapoanzia. Kwa diski za mpango mpya uitwao GPT, kama SSD yako, ni namba ndefu ya patisheni husika. Ukiifuta Windows, orodha nayo imefutika. Windows mpya inaanza na ukurasa mtupu, inajipa C:, halafu inagawa D:, E: na kuendelea kwa kila patisheni inayoikuta, kwa mpangilio wake yenyewe.

Hapo ndipo ile ya MB 100 iliponyakua D:. Windows 7 ilipowekwa kwenye diski tupu ilikuwa ikitenga patisheni ya MB 100 mwanzoni mwa diski kwa ajili ya faili za kuwashia mfumo, na yenyewe iliificha kwa kutoipa herufi. Windows mpya haikuwa na habari hiyo. Iliona patisheni ya kawaida ya NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski) iliyo ya kwanza kwenye diski ile, ikaipa herufi ya kwanza iliyokuwa wazi, na HESABU na PICHA zikasukumwa mbele hatua moja. Fundi wenu hakubadilisha kitu. Aliondoka tu bila kukirekebisha.

Kuhusu uliyoyaona kwa Shift+F10, ile siyo Windows yako. Flashi ya usakinishaji huwasha Windows ndogo inayoishi kwenye kumbukumbu ya RAM, ambayo hujiita X:, nayo ina orodha yake ya herufi inayotengenezwa upya kila inapowashwa. Kwa hiyo C: ya pale si C: ya ofisini kwako, na D: ya pale ikifanana na ya ofisini ni bahati tu ambayo haifai kutegemewa. Ukiwa katika skrini ya usakinishaji, usitumie herufi kuamua lolote. Tumia ukubwa na lebo.

Jibu la swali lako la kwanza, basi, ni kwamba katika usakinishaji wa kawaida kwa flashi hakuna mahali pa kuiagiza Windows mapema. Kinachowezekana ni kujiandaa kabla na kupanga herufi mara tu baada ya kumaliza.

Kabla ya yote, nakili folda ya Hesabu kwenye diski ya nje na uifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha inafunguka. Kama Windows iliyopo bado inawaka, fungua kidirisha cha amri uandike `vol D:` kisha `vol E:`. Kila moja itakupa lebo pamoja na namba ya herufi na tarakimu nane iliyokatwa kwa kistari katikati. Namba hiyo iliandikwa patisheni ilipofomatiwa na haitabadilika mpaka ifomatiwe tena, kwa hiyo ni shahidi mzuri kuliko macho. Iandike kwenye karatasi, siyo kwenye kompyuta hiyohiyo.

Usakinishaji ukiisha na Windows mpya ikafika kwenye eneokazi, usiweke programu yoyote kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `diskmgmt.msc`, na utaona diski zote na patisheni zake kama visanduku vilivyopangwa kwa safu. Bofya ile ya MB 100 kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kubadilisha herufi, kisha ondoa herufi yake kabisa. Windows itakuonya kwamba huenda baadhi ya programu zikashindwa kufanya kazi. Kwa patisheni hii kubali. D: ikiwa wazi, ipe HESABU, ambayo itaiacha E:, kisha E: ipe PICHA, na mwisho F: ipe kisomaji cha DVD. Ukifuata mpangilio huo huhitaji herufi ya muda. Ingekuwa ni kubadilishana, yaani D: na E: zimepishana, ungelazimika kwanza kuisogeza moja kwenye herufi ya mbali kama T:.

Anayependa amri atapata matokeo yaleyale kwa `diskpart`, mradi atazame `list volume` kwanza na kuweka namba zinazolingana na kompyuta yake:

```
select volume 1
remove letter=D
select volume 2
assign letter=D
```

Baada ya hapo andika tena `vol D:` ulinganishe na karatasi yako. Zikilingana, Windows hiyo itakumbuka mpangilio huo hata ukizima na kuwasha, na ile ya MB 100 itabaki bila herufi.

FundiKebo

Ninakubaliana na maelezo ya hapo juu, lakini ninaona yamerukwa jambo ambalo mimi ningelitanguliza. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua ubavu wa kasha na uchomoe kebo ya data ya ile diski ya TB 1 kabla hujaanza kusakinisha. Iache nje mpaka Windows mpya iwake yenyewe kutoka SSD.

Sababu yangu si herufi. Kisakinishi kinaziorodhesha diski kwa namba, 0 na 1, na watu wengi wanaamini kwamba 0 ni lazima iwe diski yenye Windows. Si kweli; namba inaweza kufuata tundu ambalo diski imechomekwa kwenye ubao mama. Dada au kaka Mhasibu, ulivyoeleza kwamba patisheni za diski ya zamani ndizo zilizopata herufi za mwanzo pale kwenye Shift+F10, ninahisi diski yenye hesabu zenu ndiyo namba 0. Sasa fikiria mtu anafuata maelekezo ya mtandaoni yanayosema andika `select disk 0` kisha `clean`. Amri ya `clean` haiulizi mara mbili. Inafuta jedwali la patisheni zote za diski uliyoichagua, na kwako wewe ingekuwa ni HESABU na PICHA kwa pamoja.

Sababu ya pili ni kwamba kisakinishi, kikikuta diski nyingine ina patisheni inayofaa kuwashia mfumo, huweza kuweka faili za kuwashia huko na Windows yenyewe kwenye SSD. Kila kitu kitaonekana sawa mpaka siku diski ya zamani itakapokufa au kuchomolewa, ambapo kompyuta itakataa kuwaka ingawa SSD ni nzima. Diski ikiwa nje, hilo haliwezekani.

Mlinzi_wa_Seva

FundiKebo ana haki, na kwa kompyuta ya mezani sina cha kubisha. Ninaongeza tu kwamba kuchomoa diski hakutatui herufi; siku utakapoirudisha, Windows itaikuta kwa mara ya kwanza na itagawa herufi vilevile, pamoja na ile ya MB 100. Kazi ya `diskmgmt.msc` ipo palepale. Kwenye laptopu ambayo haifunguki kirahisi, ningeandika `list disk`, kisha kuchagua diski na kuandika `detail disk`, ambayo inaonyesha jina la modeli na lebo za patisheni zake. Ukiona HESABU imo kwenye orodha, hiyo siyo diski ya kuguswa.

Kabla ya kuchomoa au kuchomeka, zima kwa kushikilia Shift unapobofya kitufe cha kuzima, ili Windows izime kikamilifu badala ya kulala nusu kwa ajili ya kuwaka haraka.

BabuDOS

Wanangu mnahangaika na mambo ambayo sisi tuliyakuta magumu zaidi. Enzi za Windows XP, ilitosha kompyuta kuwa na kisomaji cha kadi za kumbukumbu chenye matundu manne, na kisakinishi kilikuwa na uwezo wa kuyapa matundu hayo herufi za mwanzo na kuiweka Windows kwenye G:. Na ikishakaa G: hairekebishiki, kwa sababu njia zote za faili zimekwisha kuandikwa hivyo ndani ya rejistri. Ulikuwa unafuta na kuanza upya huku umechomoa kila kitu. Tangu Windows Vista, ukiwasha kwa DVD au flashi na kusakinisha, Windows mpya hujiona C: daima, hata kama iko kwenye diski ya tatu. Tofauti hutokea kwa anayeanzisha usakinishaji akiwa ndani ya Windows iliyopo, jambo lililowezekana kwenye Windows 7: hapo herufi ya patisheni kama ilivyoonekana na Windows ya kwanza ndiyo inayochukuliwa, na watu wengi waliishia na Windows iliyoko D:.

Na kwa vijana wanaouliza A: na B: zilienda wapi, zilikuwa za diski laini, mbili kwa sababu kompyuta nyingi hazikuwa na diski ngumu na ulihitaji moja ya programu na moja ya kazi yako.

Mtafiti_Rejistri

Kama orodha yote imo katika `MountedDevices`, kwa nini asiisafirishe kama faili kabla ya kufuta Windows ya zamani, kisha aiingize kwenye mpya? Herufi zote zingerudi kwa mbofyo mmoja.

Mlinzi_wa_Seva

Wazo linavutia, na kwa sehemu ni sahihi. Mistari ya D: na E: ingebaki halali, kwa kuwa diski ya MBR haijaguswa, saini yake ni ileile na patisheni zinaanzia palepale. Tatizo ni mstari wa C:. SSD itafutwa na kugawanywa upya, patisheni mpya ya Windows itapewa kitambulisho kipya, na faili ya zamani itaiambia Windows kwamba C: ni patisheni ambayo haipo tena. Windows yenye orodha ya aina hiyo inaweza kugoma kukufikisha hata kwenye eneokazi. Anayejua anachofanya angeweza kuingiza ile mistari miwili tu, lakini kazi yenyewe kwa kipanya ni ya dakika chache, na sioni sababu ya kumpeleka mhasibu wa duka kwenye rejistri.

Kwa msingi huohuo, msijaribu kubadilisha herufi ya C: yenyewe. `diskmgmt.msc` itakataa, na inakataa kwa sababu nzuri.

Jambo linalofanana na hili huwapata wanaonakili SSD ya zamani kwenda mpya bila kusakinisha. Windows iliyonakiliwa inabeba orodha ya zamani, kwa hiyo ikiwashwa mara ya kwanza huku SSD zote mbili zimechomekwa, inaweza kuikuta ile ya zamani na kuendelea kuiita C:. Chomoa ya zamani kwa kuwaka kwa mara ya kwanza.

Mtunza_Funguo

Ninaomba kuongeza tahadhari ambayo haihusu herufi moja kwa moja, ila itamkuta mtu akiwa katikati ya kazi. Kabla ya kufuta Windows 11, fungua kidirisha cha amri kama msimamizi na uandike `manage-bde -status`. Amri hiyo itaonyesha kama patisheni yoyote imefungwa kwa BitLocker, yaani ulinzi wa Windows unaoifunga data kwa ufunguo wa siri. Diski ya data inaweza kuwa imefungwa bila wewe kuhisi, kwa sababu Windows iliyopo huifungua yenyewe kila inapowaka. Ufunguo huo wa kujifungulia umehifadhiwa ndani ya Windows hiyohiyo unayokusudia kuifuta. Windows mpya itaiona HESABU ikiwa na alama ya kufuli na itadai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Ukiona imefungwa, andika `manage-bde -protectors -get D:` ukauchukue ufunguo huo mapema, au uizime BitLocker kwenye patisheni za data na kusubiri imalize.

Baada ya kusakinisha, angalia tena. Toleo la 24H2 la Windows 11, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, huweza kuwasha ufungaji wenyewe na kuuweka ufunguo kwenye akaunti hiyo. Kama akaunti ni ya fundi na si ya duka, ufunguo wa duka unakaa kwa fundi.

Pili, usishtuke ukifungua folda kwenye D: na Windows ikasema huna ruhusa. Faili za NTFS zinakumbuka mmiliki kwa namba ya utambulisho na si kwa jina, na hata ukijiita kwa jina lilelile kwenye Windows mpya, namba yako ni nyingine. Ukiwa msimamizi, bofya kuendelea. Ikigoma, `takeown /F D:\Hesabu /R /D Y` itakupa umiliki. Fanya hivyo kwa folda zako tu, siyo kwa patisheni nzima.

Mhasibu_Dukani

Ninawashukuru sana, na FundiKebo, ni dada. Nimepitia `list disk` kama mlivyoelekeza, na ni kweli: diski namba 0 ndiyo yenye GB 931 na namba 1 ndiyo SSD. BitLocker haijawashwa popote. Namba za `vol` nimeziandika kwenye jalada la daftari la stakabadhi.

Imebaki hoja moja ambayo sikuitaja mwanzoni. Kompyuta ya kaunta inasoma data hiyohiyo kupitia mtandao wa ndani, na kwake inaonekana kama Z:. Je, nikirudisha HESABU kuwa D:, kaunta itaendelea kama kawaida? Na nimewaza pia, kwa kuwa D: inagombewa na kila kitu kinachochomekwa, isingefaa nihamie H: kwa hesabu na P: kwa picha?

FundiKebo

Pole dada, na hongera kwa kuhakiki namba za diski mapema.

Wazo la H: na P: ni zuri. Windows huanza kugawa kutoka herufi za mwanzo zilizo wazi, kwa hiyo flashi za wateja zinazoingia na kutoka siku nzima hapo dukani hazitafika huko haraka. Ila usilifanye siku moja na usakinishaji. Rudisha kwanza D: na E: kama zilivyokuwa, hakikisha programu inafunguka na salio la jana linaonekana, na siku nyingine ambayo duka limefungwa, hamisha herufi na ubadilishe njia kwenye mipangilio ya programu. Mambo mawili yakibadilika kwa pamoja na kitu kikakataa, hutajua lipi limesababisha. Vilevile, hata H: itapotea Windows ikifutwa tena, hiyo haibadiliki.

Mlinzi_wa_Seva

Kuhusu kaunta, jibu ni hapana, haitaendelea yenyewe. Z: ya kaunta haijui lolote kuhusu D:. Inachojua ni jina la kompyuta ya ofisi na jina la folda iliyoshirikishwa, na yote mawili yanapotea pamoja na Windows ya zamani. Windows mpya hujipa jina la kubahatisha linaloanza na DESKTOP na kufuatiwa na herufi zisizo na maana, na haina folda yoyote iliyoshirikishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta, andika `hostname` kwenye kompyuta ya ofisi upate jina lake, na `net use` kwenye ya kaunta uone Z: inaelekea wapi, unakili yote mawili. Baada ya kusakinisha, ipe kompyuta jina lake la zamani na uiwashe upya. Kisha panga herufi, na baada ya herufi kukaa sawa ndipo ushirikishe folda, kwa sababu ushirikishaji unaandikwa pamoja na njia kamili, na ukishirikisha E:\Hesabu halafu ukaibadilisha kuwa D:, ushirikishaji huo utaelekea kusikokuwepo. Tengeneza kwanza mtumiaji wa kaunta mwenye nywila ileile, halafu, ukiwa msimamizi:

```
net share hesabu=D:\Hesabu /grant:kaunta,change
icacls D:\Hesabu /grant kaunta:(OI)(CI)M
```

Mstari wa kwanza unafungua mlango wa mtandao, wa pili unampa mtumiaji huyo ruhusa kwenye faili zenyewe. Mmoja bila mwingine hautoshi. Jina la kompyuta, la folda na la mtumiaji yakifanana na ya zamani, Z: ya kaunta kwa kawaida inarudi yenyewe ikizimwa na kuwashwa. Isiporudi, iondoe kwa `net use Z: /delete` na uiunganishe upya.

Mhasibu_Dukani

Nimemaliza jana baada ya kufunga duka. Diski ya TB 1 niliichomoa, nikafuta patisheni zote za SSD na kusakinisha kwenye nafasi tupu, na nilipoirudisha diski, yaliyotokea ni yaleyale mliyoyasema: ile ya MB 100 ilikuwa D:, HESABU E: na PICHA F:. Niliiondolea herufi, nikazishusha nyingine, namba za `vol` zikalingana na za kwenye daftari, na programu ikafungua na salio la mwisho. Kaunta ilihitaji kuunganishwa upya kwa `net use`, kisha ikatulia. H: na P: nitazifanya mwisho wa mwezi baada ya kufunga hesabu.

Swali dogo la mwisho: hiyo patisheni ya MB 100 niifute sasa, au ina kazi?

Mlinzi_wa_Seva

Kwa kompyuta yako haina kazi, kwa sababu Windows iliwekwa diski hiyo ikiwa nje na imewaka, maana yake faili za kuwashia ziko kwenye SSD. Hata hivyo, ningeiacha. Iko kushoto mwa HESABU, na `diskmgmt.msc` inaweza kurefusha patisheni kwa nafasi iliyo kulia kwake tu, kwa hiyo ukiifuta utabaki na MB 100 zisizotumika badala ya MB 100 zisizoonekana. Ipe lebo KALE, ili siku Windows itakapowekwa upya na ikachukua D: tena, atakayekuwa kwenye kiti aone mara moja kwamba hiyo siyo HESABU.

Lebo haiwezi kubadilishwa wakati patisheni haina herufi kwa njia ya kawaida, kwa hiyo ipe T: kwa muda, andika `label T: KALE` ukiwa msimamizi, kisha uiondolee T:.